Kahawa Iliyolindwa kama Manyoya

Tuelewane mapema: Delma Yakopa hakuwa mjinga. Watu wa Goroka, mji wetu huku milimani, waliomcheka mwaka ule walipenda kusema kwamba mama mchambua buni alitaka kujifanya kampuni, wakagongeana mikono kwa kicheko. Wacheke tu. Miaka kumi na moja mwanamke yule alikaa mbele ya mkanda wa kiwanda, buni zikimpita mbele ya macho mchana kutwa, naye akitoa nyeusi, akitoa zilizovunjika, akitoa zilizotobolewa na wadudu. Alijua kahawa kwa jicho na kwa kidole kuliko mabwana waliokaa ofisi ya juu wakinywa chai. Kitu kimoja tu hakukijua, na hicho ndicho kilichommaliza.

Mumewe alipooa mwanamke mwingine kule Lae, mji wa bandari, na kumwambia achukue vitu vyake, Delma hakurudi kwa watu wa baba yake. Alirudi Hanigu, mlimani, kwa kaka wa mama yake. Mjomba Gimisa alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, mkewe amekwisha kufa, mtoto hakujaliwa. Hakumwuliza Delma swali hata moja. Alimwonyesha kiwanja cha viazi vitamu na safu tatu za mibuni, akamwambia, "Hapa palikuwa pa mama yako," kisha akaenda zake kulisha nguruwe. Delma hakulisahau jambo hilo. Siku za kazi alishuka mjini kiwandani, mwisho wa juma alipanda kwa mjomba, na hivyo ndivyo alivyoishi.

Sasa siku moja akaja kiwandani mgeni kutoka Melbourne, Bwana Renato, mtu mnene mwenye duka lake la kukaanga kahawa. Alikuwa akipitishwa kwenye mashine kama waziri. Delma alinyanyuka kwenye mkanda, msimamizi akimkodolea macho, akatoa kwenye bilum lake, ule mkoba wa kufuma tunaouning'iniza kichwani, kifuko cha buni za mjomba wake. Alikuwa amezianika mwenyewe juu ya kichanja, akazikoboa kwa kinu, akashuka nazo siku ile ile zilipokauka.

"Bwana, hizi zinatoka kwetu. Onja," alisema.

Msimamizi alimkata mshahara wa siku hiyo. Lakini baada ya miezi miwili kwenye simu ya Delma ukaingia ujumbe: Bwana Renato anataka magunia sitini. Yakiwa kama sampuli ile, atanunua kila mwaka, moja kwa moja, bila mtu wa katikati. Delma aliusoma ule ujumbe chooni, mlango ameufunga, mara tisa. Kesho yake akaacha kazi.

Hapo ndipo kizungumkuti kilipoanza. Mtu anadhani kuuza kahawa nje ni kuwa na kahawa na kuwa na mnunuzi. Thubutu! Ofisi ya leseni ilimzungusha mpaka viatu vikaisha soli. Leo aandikishe kampuni, kesho mizani ipigwe muhuri, keshokutwa anayepiga muhuri yuko likizo. Karani mmoja kijana, mwenye umri wa kuzaliwa na yeye, alimwuliza bila kuinua uso:

"Mama, una ghala?"

"Nina banda."

"Banda si ghala."

"Lina paa la bati, lina sakafu ya mbao, lina kufuli. Hilo ghala linalizidi nini?"

"Linalizidi barua," karani akasema, akaita mtu mwingine.

Delma alirudi na barua. Alirudi na barua ya barua. Mwishowe wakamwambia leseni yake itakuwa ya majaribio, ya msimu mmoja tu: akisafirisha, itaendelea, asiposafirisha, imekufa, wala asirudi kusumbua watu. Akakubali. Angekataaje?

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko hiyo. Mibuni ya Delma ilitoa magunia mawili. Hamsini na nane yalikuwa mikononi mwa watu wa Hanigu, na watu wa Hanigu walikuwa na mtu wao, Kaspa. Kaspa huyu alikuwa na gari jeupe, meno mekundu kwa kutafuna popoo, na mizani yenye njaa, maana kila ilichopima kilipungua. Alikuja kando ya barabara kila wiki. Ulikuwa ukianika leo, keshokutwa kahawa imekwisha kuondoka, hujui inakwenda wapi wala inanywewa na nani. Lakini alilipa papo kwa papo, na watu wenye dhiki hupenda hilo.

Delma aliwakusanya. Aliwaomba mavuno yote ya msimu, wasimpe Kaspa hata kikombe kimoja.

"Kaspa hutulipa leo," alisema Bibi Tiora, mwanamke mwenye ulimi ambao hata nguruwe waliuogopa. "Wewe utatulipa lini, mwanangu?"

"Meli ikishaondoka Lae, bibi."

"Meli! Mimi tangu nizaliwe sijaiona bahari, sasa niisubiri meli?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kinaelekea pabaya. Ndipo Mjomba Gimisa aliposimama. Hakuwa msemaji. Alijikuna shavu kwanza.

"Mama yake huyu nilimbeba mgongoni tulipokimbia vita," alisema. "Bintiye akisema tusubiri, mimi nasubiri. Anayetaka kwenda kwa Kaspa, barabara ile pale. Lakini asije tena kunisalimia."

Basi, yakaisha. Nyumba arobaini zikamwekea Delma kahawa yao. Unaelewa maana yake? Chumvi iliisha, wakala viazi bila chumvi. Sabuni iliisha. Watoto walirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa ada, wakawa wanacheza mpira wa matambara barabarani. Kaspa alipopita na gari lake, hakuna aliyenyanyuka. Alisimamisha gari, akatema mate mekundu, akatoa kichwa dirishani.

"Haya, Mama Kampuni! Ukifika Melbourne nisalimie kangaruu."

"Nitakusalimia," Delma akamjibu. "Nitawaambia wana ndugu huku, mwenye meno mekundu."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na siku ile Delma alilala akiwa na furaha. Masikini, hakujua hicho ndicho kicheko chake cha mwisho juu ya Kaspa.

Aliwafundisha kila kitu. Wachume nyekundu tupu, waimenye siku ile ile, waioshe mpaka utelezi utoke, waianike kwenye vichanja badala ya ardhini. Aliwaambia kahawa hunyonya harufu kama nguo mpya, kwa hiyo isikae karibu na mafuta ya taa, sabuni, nguruwe, wala viatu vya mtu. Aliwakagua nyumba kwa nyumba. Alimrudishia Bibi Tiora gunia zima kwa sababu lilikuwa na buni sita mbaya, na Bibi Tiora akamtukana matusi ya kimila, kisha akakaa chini akalichambua upya. Magunia sitini yalipotimia ndani ya banda, Delma alipita kati yake akiyagusa moja moja.

Ndipo ofisi ya leseni ikapiga simu: ashuke haraka, karatasi iko tayari kusainiwa. Na ndipo mvua ilipoanza, msimu wa kiangazi, mvua isiyo na adabu. Na watu wa Kaspa walikuwa wameanza kuonekana wakizungukazunguka karibu na banda wakijifanya wanatafuta nguruwe aliyepotea. Delma, bilum kichwani, gari likimpigia honi barabarani, alimshika mjomba wake mikono miwili.

"Mjomba, hii kahawa ndiyo roho yangu. Ilinde kama unavyoyalinda yale manyoya."

"Kama manyoya?" mzee akauliza.

"Kama manyoya, mjomba."

Gimisa akaitikia kwa kichwa polepole, uso umekuwa mzito kama mtu aliyekula kiapo. "Basi nenda. Usiwe na wasiwasi kabisa."

Manyoya yale yalikuwa mali kuu ya Hanigu. Manyoya marefu ya ndege wa peponi, mekundu na ya dhahabu, ya kuvaa kichwani siku za ngoma. Mengine aliyavaa babu yake Gimisa. Yalifungwa ndani ya majani makavu, yakatundikwa darini katika nyumba kubwa ya duara ya Gimisa, juu kabisa ya moto, na moto ule haukuzimika. Alipokwenda shamba aliufunika majivu, aliporudi aliuamsha. Ndiyo sababu wadudu hawakuyagusa, ukungu haukuyagusa, na mtoto wa leo aliweza kuvaa kilichovaliwa na marehemu babu wa babu yake. Kitu kinachopendwa kwetu hukaa juu ya moto. Mbegu za mwakani hukaa hapo, na mafuta ya nguruwe pia.

Delma alitegemea siku tatu. Zikapita wiki tatu. Karatasi iliyokuwa tayari haikuwa tayari, halafu mlima ukaporomoka ukafunika barabara, halafu hapakuwa na mtandao wa simu. Alilala kwa rafiki, sakafuni, akisikiliza mvua kwenye bati na kuwaza banda lake. Alijua ukungu unavyoingia kwenye kahawa. Alipoteza kilo, akaanza kuzungumza peke yake sokoni. Barabara ilipofunguliwa alikodi lori, akakaa mbele na dereva, leseni ameikumbatia kifuani ndani ya mfuko wa nailoni.

Banda lilikuwa tupu.

Mabati mawili yalikuwa yameng'olewa na upepo, sakafu imelowa chapachapa, na hakukuwa na gunia hata moja. Delma alishika mlango. Akakaa kwenye tope. Dereva akajifanya anakagua tairi.

"Unalia nini pale?" ikaita sauti ya Gimisa. "Njoo huku, mtoto wa dada!"

Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake, macho mekundu, amekonda, anacheka kwa fizi. Delma aliinama akaingia. Magunia yote sitini yalikuwa ndani, yamepangwa kuzunguka ukuta mpaka karibu na dari, juu ya magogo yasiguse ardhi. Katikati moto ulikuwa unawaka vizuri. Gimisa aliyahamisha usiku ule ule upepo ulipoanza, yeye na Bibi Tiora na wanawake wengine, kwa vichwa vyao, ndani ya mvua. Kisha akakaa nayo. Wiki tatu alilala ameketi, akisukuma kuni, akiyageuza magunia upande huu na huu ili yote yapate joto sawasawa.

"Kama manyoya," alisema.

Delma alimkumbatia mzee akalia kwa sauti. Alifungua gunia moja, akang'ata buni: kavu, ikavunjika kwa mlio. Alijaza viganja akaweka puani, akanusa kwa nguvu zote, kama alivyofundishwa. Safi. Akafungua la pili, la tano, la kumi. Safi kabisa. Aliapa kwa jina la mama yake kwamba hajapata kuona kahawa iliyotunzwa namna ile.

Siku ya kupakia, Gimisa aliyateremsha manyoya. Alivaa taji zima, kitu alichokuwa hajafanya tangu mazishi ya mkewe, na watu wa Hanigu wakaisindikiza kahawa yao kwa ngoma mpaka barabara kuu, wanawake wakiimba, Bibi Tiora akicheza mbele ya lori na kulizuia lisipite. "Isalimie bahari!" alipiga kelele. "Iambie Tiora anakuja!"

Haya. Goroka kuna chumba kidogo cha kuonjea kahawa kabla haijapanda meli, na mwonjaji wake aliitwa Noreen. Huyu naye alianzia kwenye mkanda, kiti cha jirani na Delma, kabla hajapandishwa. Alikaanga sampuli, akasaga, akapanga vikombe vitano, akamwaga maji moto. Delma alikaa kwenye stuli, mikono katikati ya mapaja. Noreen alifyonza kijiko cha kwanza kwa ule mlio wa waonjaji, akatema. Akafyonza cha pili. Cha tatu akakirudia.

"Delma, hii ililala wapi?"

"Ndani. Pakavu kabisa."

"Ndani ya nini?"

"Nyumbani kwa mjomba."

"Kulikuwa na moto?"

"Noreen, nyumba ya mtu itakosaje moto?"

Noreen aliweka kijiko mezani. "Moshi," alisema. "Vikombe vyote vitano."

"Sisikii moshi wowote."

"Onja."

Delma akaonja. Aliizungusha mdomoni, akaisubiri. Ilikuwa kahawa. Ilikuwa tamu, ilikuwa na kwao ndani yake, ilikuwa kama kukaa jioni karibu na mama yake.

"Hii ni kahawa nzuri," alisema.

"Najua unaisikia hivyo. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo." Noreen alimshika bega. "Tumezaliwa ndani ya moshi, dada. Nywele zetu, blanketi letu, maziwa ya mama, kila kitu. Nilikaa mjini miaka miwili, nyumba yenye jiko la gesi, ndipo pua ikafunguka. Wewe kila mwisho wa juma unapanda kwenu. Utausikiaje?"

Sasa ndipo Delma alipoelewa. Aliwaonya watu juu ya sabuni. Aliwaonya juu ya viatu! Moshi hakuutaja, kwa sababu hakuna mtu anayetaja hewa. Na neno la manyoya lilitoka kinywani mwake mwenyewe.

"Tuianike tena," alisema. "Tuioshe."

"Haitoki. Imeingia ndani ya buni."

"Basi usiandike. Noreen, nakuomba, usiandike. Andika safi, ipande meli, wataichanganya na nyingine, nani atajua?"

"Bwana Renato ana pua, Delma. Ana pua kuliko yangu."

Delma alishuka kwenye stuli akapiga magoti juu ya vigae. Mwanamke wa miaka arobaini, mwenye kampuni iliyoandikishwa, alimshika mwenzake miguu na kumwita mama, na Noreen akawa analia na yeye, akisema inuka, jamani inuka, watu wataingia. Hakuandika safi. Asingeweza, angefukuzwa, na hata Delma mwenyewe baadaye hakumlaumu.

Jibu la Renato kwa ripoti ya Noreen lilikuja baada ya siku nne. Lilikuwa la adabu, na adabu yake ndiyo ilimkata maini. Alisema anasikitika sana. Wateja wake hawanywi moshi. Ghala lake haliwezi kukaa tupu, kwa hiyo amepata kahawa kwingine, na hao wengine wamefunga naye mkataba wa miaka mitatu. Anamtakia kila la heri. Delma alijaribu wanunuzi wengine. Wawili hawakujibu, wa tatu aliuliza ana leseni ya muda gani. Msimu ukafungwa. Karani yule yule, bila kuinua uso, alichukua leseni yake akaipiga muhuri wa kufutwa, akaita mtu mwingine.

Na nani alikuja kuichukua ile kahawa? Usiniulize. Alifungua gunia, akatia pua, akacheka popoo zikimtoka.

"Mama Kampuni, hii si kahawa, hii ni samaki wa kubanika."

Kaspa aliilipia chini hata ya bei yake ya barabarani, na Delma akapokea, kwa kuwa Hanigu walikuwa hawana chumvi. Alizihesabu noti mara mbili, akazitia kwenye bilum.

Alipanda mlimani peke yake na pesa zile. Watu wa Hanigu walimwona wakaja mbio, wakamzunguka. Alizitoa zote, kila nyumba fungu lake, hata lake akaliongeza humo, na wakaona jinsi zilivyo chache. Ngoma waliyokuwa wameiandaa ikabaki imeegemezwa ukutani.

"Kahawa imekataliwa," alisema. "Imenuka moshi."

"Moshi?" Bibi Tiora akauliza. "Moshi upi?"

"Wa motoni, bibi. Wa nyumbani."

Watu wakaanza kunusa. Walinusa mikono yao, mashuka yao, mmoja akanusa kichwa cha mtoto wake. Wakatazamana.

"Mimi sisikii kitu," mmoja akasema.

"Wanataka kahawa iliyolala wapi hao, angani?" akasema mwingine kwa hasira. "Hawana moto kwao? Wanapikia nini?"

Delma alipaza sauti: "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyesema vibaya, asitajwe mtu mwingine." Lakini wote walikuwa wameshageuka kumtazama Gimisa. Hawakumlaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mzee alikuwa amekaa juu ya gogo, mikono magotini. Alisikia yote. Alinyanyuka akaenda nyumbani kwake bila kuaga.

Asubuhi ya pili yake, ukungu umelala juu ya vilima, Delma alikuwa akichimba viazi alipoona paa la mjomba wake. Nyumba zote za Hanigu zilikuwa zikifuka moshi kupitia kwenye nyasi za paa. Ya Gimisa haikufuka. Kwetu paa lisilofuka asubuhi ni paa la maiti. Alitupa mti wa kuchimbia akakimbia, akiita njia nzima.

Alimkuta hai. Alikuwa ameketi penye meko, amejifunika blanketi, taya zinagongana. Meko yenyewe yalikuwa meusi na yamelowa. Majivu yote yalikuwa yamezolewa, mawe yameoshwa, ukuta umesuguliwa kwa majani na maji mpaka mahali mkono wake ulipofika. Manyoya yalikuwa yamelala chini juu ya mkeka, ndani ya majani yake.

"Mjomba! Umefanya nini?"

"Nimeuzima," Gimisa akasema. Alikuwa kama mtoto aliyefanya kazi ya nyumbani vizuri anasubiri kusifiwa. "Baba yangu ndiye aliyeuwasha. Sasa nusa. Nimesugua tangu jana. Bado kidogo, lakini mpaka msimu ujao harufu itakuwa imetoka yote. Utaleta magunia yako hapa, na safari hii hawataona kosa."

Delma alifungua mdomo amwambie. Alikuwa na maneno yote tayari: mkataba wa miaka mitatu, muhuri wa kufutwa. Hayakutoka. Alisema tu, "Utakufa kwa baridi, mjomba," na mzee akacheka akasema baridi haijapata kumwua mtu mwenye kazi.

Siku kumi ikawa hivyo. Delma alimletea viazi vya moto vilivyopikwa kwake, na mzee alivilia nje, asije akatia harufu ndani. Aliendelea kusugua. Siku ya tano alianza kukohoa. Siku ya nane kikohozi kiliteremka kifuani, na Bibi Tiora alimjia Delma akafoka, "Mwambie yule mzee awashe moto! Wewe tu atakusikia!" Delma akasema atamwambia. Alikwenda mpaka mlangoni akamsikia anasugua, akarudi. Ilimbidi kuchagua kipi kitamwua mzee kwanza, baridi au habari, na alikosa ujasiri hata wa kuchagua. Alijichukia siku hizo kuliko alivyowahi kumchukia mtu, mumewe akiwemo.

Asubuhi ya kumi na moja alipoingia, Gimisa hakuweza kuinuka. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu, na bado mkononi alikuwa ameshika fungu la majani ya kusugulia. Delma alirudi kwake. Alichukua kwenye meko yake kuni moja inayowaka, akaibeba akiikinga na ukungu kwa kiganja, akainama akaingia nayo.

Gimisa aliiona. Alimtazama Delma akipanga vijiti vikavu juu ya mawe yaliyooshwa, akiinama, akipuliza. Hakumzuia. Moto ulishika, moshi ukapanda moja kwa moja kwenda darini kama vile haujawahi kuondoka.

"Kwa hiyo hakuna msimu ujao," mzee alisema.

"Hakuna, mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujauzima."

Gimisa akanyoosha mikono yake iliyochubuka kwenye moto, akasogea kidogo kumpa nafasi. "Basi yarudishe juu," alisema, akionyesha mkeka kwa kidevu. "Wadudu wasije wakayaona."

Delma alipanda juu ya gogo akayatundika manyoya mahali pake. Kichwa chake kilikuwa ndani ya moshi kabisa, macho yakimchuruzika machozi. Alisimama pale, akafumba mdomo, akavuta pumzi kwa pua, ndefu kadiri kifua kilivyoweza, akajaribu kusikia kile walichokisikia Noreen na Bwana Renato. Akavuta tena. Hakusikia kitu.